Uongo wa Shirandula

Saa kumi na mbili asubuhi Jogoo Road, Nairobi, huwa na watu wa aina mbili, wanaokwenda na wanaorudi. Wanaokwenda wametoka Maringo, Mbotela, Kaloleni na Makongeni, na wanakata kwa miguu kuelekea Inda, eneo la viwanda, kwa sababu nauli ya matatu ukiilipa kila siku, mwisho wa mwezi unagundua ulikuwa umeajiriwa na konda. Wanaorudi ni masoja wa usiku. Wengi wao hutawatambua. Kabuti imekunjwa, kofia imesokomezwa ndani ya kabuti, na vyote viwili vimo kwenye mfuko ambao ungeweza kuwa na sukuma wiki na nyanya tatu. Soja hapendi kupita mtaani na sare. Ukimuuliza atakwambia sare inachakaa, au mdosi hataki ionekane nje ya geti. Sababu nyingine ipo, lakini hiyo hakwambii.

Charles Bukeko aliijua sababu hiyo isiyosemwa, akaijengea kipindi cha televisheni kilichodumu zaidi ya miaka kumi.

Kipindi chenyewe ni Papa Shirandula, cha Citizen TV. Fred Shirandula ni bawabu. Mkewe, Wilbroda, anaamini kwamba ameolewa na mtu wa ofisi. Kila asubuhi mume anatoka nyumbani amevaa kama mtu wa ofisi, na akifika kazini anavaa sare na kusimama getini. Basi. Huo ndio msingi wote, na ukiusimulia hivi kwa mtu ambaye hajawahi kuutazama, atakuuliza hadithi iko wapi. Bukeko aliubuni msingi huo, akakielekeza kipindi, na mhusika mkuu akamwigiza mwenyewe. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani kwanza, mtu wa Kenya National Theatre, na nadhani ni mwigizaji tu ambaye angeweza kuamini kwamba kitu kidogo namna ile kingebeba mzigo ule wote. Mwandishi aliyelelewa na vitabu angeongeza maiti, urithi wa shamba, au mtoto wa nje.

Tazama kilichokuwa kikionyeshwa kwenye stesheni zetu jioni miaka hiyo. Telenovela za Mexico zilikuwa zimejaa mapacha waliotenganishwa hospitalini, vipofu wanaopata kuona siku ya harusi, na wanawake wanaopoteza kumbukumbu wakianguka kwenye ngazi. Uongo wa humo ni wa thamani ya mamilioni. Uongo wa Shirandula hauna thamani yoyote sokoni. Hajaiba. Hana mke wa pili. Anafanya kazi halali, analipwa, na analeta unga nyumbani. Ukweli ukijulikana hakuna atakayefungwa wala kufa, ila mwanamume mmoja ataona haya mbele ya mkewe, na mke ataona haya mbele ya majirani. Ufundi wa kwanza wa Bukeko uko hapo: aliona kwamba kwenye mitaa yetu haya hiyo inatosha. Mtu atapanda matatu hadi mtaa wa tatu kununua maharagwe ya mkopo ili mama mboga wa karibu asijue mambo yamekwama. Atazima taa ajifanye hayupo landilodi akibisha. Mtu wa namna hiyo huna haja ya kumwelezea kwa nini Shirandula hasemi ukweli.

Uongo mdogo una faida nyingine kwa mtunzi: unahitaji kulindwa kila siku. Uongo mkubwa hulipuka mara moja na hadithi ikaisha. Huu wa bawabu uko kazini kuanzia anapofunga viatu. Fikiria milango unayomfungulia mtunzi. Mtu yeyote wa kwao anaweza kufika Nairobi na kutaka kuona hiyo ofisi. Jirani yeyote anaweza kupita mbele ya geti. Mshahara wa soja unapaswa kutimiza mahitaji ya mke wa meneja, na hesabu hiyo haiwezi kukubali hata ukiikokotoa kwa Kizungu. Bosi anaweza kupiga simu usiku. Mwenzako wa kazini anaweza kukuhitaji umkopeshe, na akikosa pesa anakumbuka ghafla kwamba anajua mahali mkeo anapoishi. Kila wiki uongo uleule, na kila wiki tishio kutoka upande mwingine. Huhitaji kubuni wahusika wapya, unahitaji tu kujua ni nani leo amekaribia kufungua mdomo.

Hapo utaona jambo ambalo waandishi wengi wa vichekesho vya televisheni yetu hawajajifunza, nalo ni kugawa siri. Kazini wote wanajua. Watazamaji wote wanajua. Anayeachwa nje ni mmoja tu, na huyo ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Mgawo huo unamfanya mtazamaji aliyekaa kwenye kochi lake mtaani Umoja kuwa mshirika wa kosa. Hatuketi kumcheka Shirandula tukiwa wasafi. Tumemfichia siri yake tangu wiki ya kwanza, na Wilbroda anapomuuliza mumewe habari za kazini, sisi ndio tunaobana pumzi. Ukigawa siri vibaya, kwa mfano wote wasijue, unapata hadithi ya upelelezi. Ukiigawa ili wote wajue, unapata mahubiri.

Komedi za namna hii zina ukoo mrefu. Waingereza walizifanyia kazi sana, na Nairobi ilizoea kuziona kwenye jukwaa la Phoenix Players, pale Professional Centre, Parliament Road. Maarufu mojawapo ni Run for Your Wife ya Ray Cooney, iliyofunguliwa London mwaka 1983: dereva wa teksi ana wake wawili katika nyumba mbili, na maisha yake yanategemea ratiba isiyokosea hata dakika. Komedi hizo huendeshwa na milango. Seti huwa na milango mitano, sita, huyu akiingia yule anatoka, na kicheko kiko katika kukosana kwa sekunde.

Sasa chukua ufundi huo uulete Eastlands. Mitaa mingi ya zamani ya Eastlands ilijengwa na manispaa ya wakoloni au na reli kwa ajili ya kibarua mwanamume aliyetarajiwa kurudi kijijini siku moja, na hesabu ilifanywa kwa vitanda, si kwa familia. Familia zilikuja hata hivyo. Chumba kimoja kikakatwa kwa pazia: upande huu kitanda, upande huu viti na meza yenye kitambaa cha kufuma, stovu karibu na mlango. Mlango ni mmoja. Mgeni akiingia, mwenye nyumba hana pa kutokea. Komedi ya milango mitano inakufa hapo kabla ya kupumua.

Suluhisho ambalo vichekesho vya Nairobi vimelipata, na ambalo Bukeko alilitumia vizuri kuliko wengi, ni kuhamisha mlango kutoka kwenye nyumba hadi kwenye nguo. Mtu ni yuleyule, ila akivaa hivi yuko nyumbani na akivaa vile yuko kazini. Kubadilisha nguo ndiko kuingia na kutoka. Na kwa kuwa nguo inachukua muda kuivaa kuliko mlango unavyochukua kuufungua, kicheko nacho kinabadilika. Hakiji kwa sekunde, kinasubiri. Vifungo havipatikani. Kofia imesahaulika kichwani. Mwanamume mnene anayejaribu kuvaa sare kwa haraka ni kichekesho kilichopimwa na karne nyingi, lakini hapa kila kifungo kina ndoa yake.

Si Nairobi peke yake iliyogundua kwamba sare ni hadithi nzima. Mnamo tarehe 16 Oktoba 1906, mshona viatu mmoja Mjerumani, Wilhelm Voigt, aliyekuwa ametoka jela baada ya vifungo vingi, alivaa sare ya kapteni aliyoiokoteza kwenye maduka ya mitumba, akawasimamisha askari waliokuwa wakipita njia Berlin, akawaamuru wamfuate. Wakamfuata. Akapanda nao treni hadi mji wa Köpenick, akamkamata meya, akachukua zaidi ya maki 3,500 za manispaa, kisha akaondoka. Alihukumiwa miaka minne, lakini nchi nzima ilikuwa ikicheka, na Kaisari akamsamehe mwaka 1908. Carl Zuckmayer aliigeuza habari hiyo kuwa tamthilia ya vichekesho iliyoonyeshwa kwanza Berlin mwaka 1931. Ninachokipenda humo ni kwamba Zuckmayer hakuanza na Voigt peke yake. Alifuata safari ya sare yenyewe, tangu inaposhonwa kwa fundi, ikapita kwa mwenyewe wa kwanza, ikapata mwingine, ikachakaa, ikaishia duka la mitumba, huku mfungwa naye akizungushwa ofisi kwa ofisi: bila kazi hapati kibali cha kukaa, bila kibali cha kukaa hapati kazi. Mtazamaji anaziona safari mbili zikikaribiana. Sare na mtu vinapokutana, huhitaji kuelezwa kitu.

Hadithi hiyo ilifika kwetu pia. Mwaka 2012 Bob Nyanja aliitengeneza kuwa filamu, The Captain of Nakara, kwa ushirikiano na Wajerumani: mfungwa aliyeachiliwa, penzi, kibali cha kufanyia biashara sokoni, na sare ya jeshi inayofungua kila ofisi iliyokuwa imefungwa. Hakuna Mkenya aliyehitaji kuambiwa maana yake. Mtu aliyewahi kusimama foleni ya kanjo akitafuta leseni ya kibanda alikuwa tayari ameshaiandika nusu ya filamu.

Lakini weka Voigt na Shirandula pamoja uone walivyogeuziana mgongo. Voigt anavaa sare ili atiiwe. Shirandula anaivua ili aheshimiwe. Mmoja amevaa sare isiyo yake, na mwingine anaikana sare aliyopewa kwa haki. Na Shirandula ana tatizo ambalo Voigt hakuwa nalo: Voigt alihitaji siku moja tu. Shirandula lazima arudi nyumbani jioni, ale, alale, na kesho aanze tena. Uongo wa siku moja ni tukio. Uongo wa ndoa ni ajira ya pili.

Sasa nije kwa Bukeko kama mwigizaji aliyejitungia, maana hapo ndipo ufundi wake unanivutia zaidi. Wengi nje ya Kenya walimjua kwa sekunde chache: tangazo la Coca-Cola la "Brrr", ambalo mwishoni mwa mwongo wa kwanza wa karne hii lilionyeshwa katika nchi nyingi za Afrika. Maneno hayamo. Kuna joto, soda baridi, na mashavu makubwa yanayotetemeka. Wapo waliomdhania mtu mwenye bahati ya kuzaliwa na uso wa kuchekesha. Lirudie tangazo hilo utazame kinachotangulia mtetemo. Kuna nukta ambapo uso unatulia kabisa, kana kwamba mwenyewe ameshtukizwa na mwili wake. Utulivu huo ndio kichekesho, mtetemo ni risiti tu.

Uso huo ndio aliouandikia Papa Shirandula. Mwigizaji anapojitungia, kishawishi ni kujipa maneno matamu. Ukumbi wa vichekesho Nairobi umejaa waandishi wa namna hiyo: yeye ndiye mjanja, yeye ndiye mwenye jibu, wengine wanasimama kumshikia kipaza sauti. Bukeko alijiweka mahali pa mtu anayepigwa. Shirandula hushindwa kwenye mabishano. Hukopwa na halipwi. Mkewe humzidi maneno, wenzake humzidi ujanja, bosi humzidi kila kitu. Anachobaki nacho ni kusikiliza, na Bukeko alisikiliza kama mtu anayehesabu gharama. Unaona habari mbaya ikiingia sikioni, ikishuka, ikifika tumboni. Halafu macho yanahama kidogo kuelekea mlangoni. Kwa kuwa mwenye kipindi alichukua kazi ya kusikiliza, wote waliomzunguka walipata nafasi ya kusema.

Na walisema. Jacqueline Nyaminde, aliyemwigiza Wilbroda, angestahili makala yake. Mke anayedanganywa ndiye mhusika mgumu kuliko wote katika komedi ya namna hii. Akiwa mjinga, tunamdharau na mchezo unakuwa mchungu. Akiwa mwerevu sana, tunajiuliza kwa nini hajagundua. Nyaminde alipita katikati kwa njia moja: alimfanya Wilbroda kuwa na shughuli nyingi. Ana umbea wa kuukamilisha, chama cha kuchangia, jirani wa kumwekea mpaka, na heshima ya kuitwa mke wa mtu wa maana. Hana wakati wa kumchunguza mumewe kwa sababu amekwisha kuitumia hadhi yake. Ndipo unapoelewa kwamba uongo ule una wenyewe wawili. Mume aliutunga, lakini mke ndiye anayeutembeza mtaani, na ukivunjika yeye ndiye atakayepita mbele ya vibanda vyote kesho yake.

Wengine nao: Kazungu Matano akiwa Otoyo, William Juma akiwa Juma Andersen, Kenneth Gichoya akiwa Njoro, Jacky Vike akiwa Awinja, Daisy Odeko akiwa Naliaka, na Felix Odiwuor aliyejulikana kwa jina la Jalang'o. Kipindi kiliwalea hadi majina ya uigizaji yakameza yale waliyobatizwa. Nyaminde alipata kiti redioni Milele FM kwa jina la Wilbroda. Jalang'o alipita redioni naye, na mwaka 2022 akachaguliwa mbunge wa Lang'ata. Kipindi cha mtu mchoyo hakiwezi kutoa watu wote hao.

Lazima niseme pia juu ya lafudhi, maana ndiko watu wengi huishia wakizungumzia komedi zetu. Kushrabu, yaani kuongea kwa lafudhi ya lugha ya nyumbani, ni mali ya zamani. Televisheni ya taifa ilikuwa na Vitimbi na Vioja Mahakamani, na Mkenya wa umri fulani ukimtajia Mzee Ojwang na Mama Kayai atanyamaza kidogo kwanza. Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang hadi alipofariki mwaka 2015, hakuwa Mjaluo. Alikuwa Mkikuyu, na Wajaluo wenyewe walimdai awe wao. Mary Khavere, Mama Kayai wake, naye ni Mluhya. Kazungu Matano ametoka Pwani, na Otoyo wake anazungumza kana kwamba alizaliwa ufukoni mwa ziwa. Mwigaji mbovu huiga konsonanti. Anabadilisha herufi, anasubiri kicheko, anaondoka. Wanaojua kazi huiga mwendo wa sentensi: mahali Mjaluo anapopanda sauti kabla ya kushusha hoja, mahali Mluhya anapovuta neno la mwisho ili mwenzake asipate pa kuingilia. Katika Eastlands, ambako ploti moja ina lugha saba na bomba moja la maji, masikio ya namna hiyo hupatikana bure. Mtoto wa Ofafa Jericho hujua kumwiga kila mzazi wa mlango wa jirani kabla hajajua kusoma.

Ila lafudhi peke yake haibebi dakika thelathini. Baada ya Papa Shirandula kupendwa, vilizuka vipindi vingi vilivyochukua ngozi vikaacha nyama: bawabu, mboch wa kazi za nyumba, Mkisii mwenye hasira, Mkamba mwenye uchawi, wote wakipiga kelele sebuleni. Siri haikuwepo. Vilikufa, na sikuvililia.

Kimoja kilichoelewa nyama iko wapi ni Auntie Boss!, kilichoonyeshwa na NTV. Kilibuniwa na Eve D'Souza, mtangazaji na mwigizaji, ambaye naye alijiandikia nafasi ndani yake akiwa Varshita. Yeye na wenzake wa Moonbeam Productions walichukua wafanyakazi wa nyumbani wa mtaa mmoja na kuwafanya wao ndio macho ya hadithi. Ni ukoo uleule wa Shirandula, kumtazama mwajiri kutoka mlango wa jikoni, ila siri zimegeuzwa: huku bawabu anaficha yake, kule mboch anatunza za mabosi wote na anajua bei ya kila moja. Nyce Wanjeri, aliyemwigiza Shiru, alishinda tuzo ya AMVCA, ya filamu na televisheni za Afrika, ya mwigizaji bora wa kike wa vichekesho mwaka 2018. Na D'Souza, kama Bukeko, hakumfanya Varshita awe mwerevu. Alimfanya mdosi asiyeelewa kinachoendelea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Naanza kuamini kwamba hiyo ni dalili ya mwigizaji aliyejua kutunga: anajiandikia hasara.

Sitasema Papa Shirandula hakikuchoka. Miaka zaidi ya kumi ni mingi, kila wiki, kwa bajeti isiyoruhusu kurudia. Kulikuwa na vipindi ambamo siri ilisahaulika nyuma ya makelele, wahusika wakagombana kwa sababu tu muda wa kugombana ulikuwa umefika. Unapoona mtu akikimbizwa na rungu kwenye komedi, jua mara nyingi mtunzi alikuwa amekosa cha kusema. Lakini hata katika wiki mbaya, kulikuwa na uwezekano kwamba Wilbroda angesema neno moja juu ya "kazi yako ya ofisi", na uso ule ungetulia.

Bukeko alifariki tarehe 18 Julai 2020, katikati ya Korona, akiwa na umri wa miaka 58. Walinda geti wa nchi nzima wakati huo walikuwa wamepewa kazi ya ziada: ndio waliosimama na kipimajoto na chupa ya sabuni mlangoni pa kila duka, na ghafla meneja halisi alilazimika kumnyooshea soja kiganja na kungoja ruhusa. Sijui angeifanyia nini hali hiyo. Ilikuwa imemtungia nusu.

Ufundi aliouacha unaendelea kufundishwa mahali pasipo na cheti. Siku za Jumamosi, kwenye kumbi za kijamii za Eastlands, vikundi vya vijana hufanya mazoezi ya setibuku, zile tamthilia za mtihani wanazozizungusha shuleni kwa ada ndogo. Mbele ya wanafunzi mia nne waliochoka, kwenye bwalo linalonuka maharage, hujifunza kwa haraka kipi kinachekesha. Baadhi yao, waliochoshwa na kuigiza maneno ya wengine, huanza kuandika yao. Siku moja nilikaa nyuma ya ukumbi wa namna hiyo nikisikiliza kikundi kikibishana juu ya mchezo mfupi ulioandikwa na mmoja wa waigizaji wake, msichana ambaye hadi mwezi uliotangulia alikuwa akipewa nafasi za mama wa marehemu. Mchezo wake ulikuwa na mwanamume anayemficha mkewe kwamba amefutwa kazi. Kila asubuhi anavaa tai na kwenda kukaa Uhuru Park.

Mwelekezi, mzee wa miaka hamsini hivi, alitaka mke agundue katika onyesho la pili ili kuwe na vita.

"Mwalimu, akigundua sasa hivi tutafanya nini na onyesho la tatu?"

"Mtapigana."

"Na la nne?"

Akafikiri. "Mtapatana."

Msichana akachukua kalamu. Hakufuta onyesho la pili. Alimwandikia mke mstari mmoja tu, akausoma kwa sauti: mke anamwambia mumewe kwamba kwa kuwa kampuni yao inafanya vizuri hivyo, amemtafutia mdogo wake nafasi hapohapo, na kesho wataondoka pamoja asubuhi. Kijana aliyekuwa akiigiza mume, ambaye hakuwa ameuona mstari huo kabla, akabaki ameshika tai yake.

"Hapo hapo," msichana akamwambia. "Usiseme kitu. Hesabu hadi tatu."

Alihesabu hadi mbili akacheka, na ikabidi waanze tena.